Somo la Matawi: Pima Kasha Kwanza, Nunua Vipuri Baadaye



Somo letu la mara hii linahusu kompyuta ya mezani. Hatutajifunza kuandika barua wala kupiga hesabu kwa kompyuta. Tutajifunza jambo moja tu: jinsi ya kujua, kabla ya kutoa fedha, kama kipuri unachotaka kununua kitaingia ndani ya kasha ulilo nalo, na kikiisha kuingia, kama kitafanya kazi.

Huenda ndugu mmoja akauliza: jambo hili linakihusu nini chama cha wafanyakazi? Linakihusu kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni fedha za wanachama. Siku hizi matawi mengi yanaweka orodha ya wanachama, hesabu za ada na mafaili ya mashauri ndani ya kompyuta. Nyingi za kompyuta hizo ni za mtumba. Zilifanya kazi maofisini huko Ulaya na kwingineko, kisha zikapita bandari ya Mombasa na mpaka wa Malaba hadi madukani Kampala, Jinja na Mbale. Ni mashine imara, lakini umri wake umekwenda. Zaidi ya hayo, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa programu ya Windows 10. Windows 11 iliyokuja baadaye haizikubali rasmi prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2017. Kwa hiyo katika mikutano ya matawi swali limekuwa hili: tununue mashine nyingine, au tubadilishe vya ndani tu? Njia ya pili yaweza kuwa nafuu sana. Lakini tawi likiifuata bila kupima, ada ya wanachama itaishia katika kipuri kinacholala kabatini.

Sababu ya pili ni mshahara wa mfanyakazi. Wako wenzetu ambao ni mafundi katika karakana, shule, hospitali na maofisi. Mara nyingi bosi hununua kipuri mwenyewe, akakileta, akasema: "Fundi, funga." Kisipoingia, lawama humwangukia fundi, na mwisho wa mwezi anakuta amekatwa fedha. Nikizunguka matawini nimeyasikia malalamiko ya namna hii zaidi ya mara moja, na kila mara nimeuliza: vipimo viliandikwa wapi? Jibu huwa ni lile lile: havikuandikwa.

Basi tuanze somo.

A. KASHA NI NINI

Lile sanduku la bati lililo chini ya meza au kando ya kioo, wengi wetu huliita "sipiyu". Hilo si jina lake. Sipiyu, yaani prosesa, ni kipande kidogo kinachoweza kukaa kiganjani, nacho kimefungwa ndani ya sanduku hilo. Sanduku lenyewe ni kasha, na kasha ni nyumba tu. Ndani yake wanaishi wapangaji sita: ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi; kisanduku cha umeme, yaani pawa saplai; prosesa pamoja na kipoza chake; ramu; diski; na kadi za ziada.

Kila mpangaji ana mambo mawili ya kuulizwa. La kwanza: je, unaenea chumbani? Hilo ni swali la rula. La pili: je, unapatana na wenzako? Hilo ni swali la plagi na aina. Kipuri chaweza kuenea vizuri kabisa na bado kisifanye kazi. Chaweza pia kuwa cha aina ile ile inayotakiwa, lakini mlango wa kasha ukakataa kufunga. Kwa hiyo maswali yote mawili hayana budi kuulizwa.

B. MATAYARISHO

Tafuta rula au futikamba yenye milimita, bisibisi ya msalaba, tochi, kalamu na karatasi. Inchi ziache, kwa kuwa vipimo vingi vya vipuri huandikwa kwa milimita, na anayebadilisha kutoka inchi kwa kukisia hukosea.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki utoke. Fungua mlango wa ubavuni. Gusa bati la kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kitu kingine, maana umeme mdogo wa mwilini huweza kuua kipuri bila wewe kuona cheche.

Onyo moja kubwa: usikifungue kamwe kisanduku cha umeme chenyewe. Ndani yake mna vipande vinavyohifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo huweza kumdhuru mtu vibaya. Kipime kwa nje tu.

C. MPANGAJI WA KWANZA: UBAO MAMA

Huyu ndiye mkubwa wa nyumba. Tuanze naye, kwa maana wengine wote wanamfuata.

Bahati nzuri ni kwamba mbao mama nyingi zinazouzwa madukani hufuata vipimo vilivyokubaliwa. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa mpango uitwao ATX, na mpango huo unatumika hadi leo. Aina tatu ndizo utakazokutana nazo zaidi:

1. ATX: milimita 305 kwa 244. Huwa na nafasi za kadi zisizozidi 7.
2. Micro-ATX: milimita 244 kwa 244. Nafasi za kadi zisizozidi 4.
3. Mini-ITX: milimita 170 kwa 170. Nafasi ya kadi moja.

Matundu ya skrubu ya mbao ndogo yamepangwa yalingane na baadhi ya matundu ya mbao kubwa. Maana yake ni kwamba kasha la ATX, kwa kawaida, hupokea pia Micro-ATX na Mini-ITX. Kinyume chake hakiwezekani: ubao wa ATX hauingii katika kasha la Micro-ATX hata ukiusukuma. Ni kama mlango wa ghala na mlango wa kibanda. Mbuzi hupita kote kuwili, ng'ombe hapiti kote.

Ukifungua kasha utaona vinguzo vidogo vya shaba vilivyosimama kwenye bati. Ubao hukaa juu ya vinguzo hivyo ili usigusane na bati. Angalia kwamba kila kinguzo kina tundu la ubao juu yake. Kinguzo kisicho na tundu kiondolewe, kwa sababu kitagusa nyaya za chini ya ubao na kuleta shoti.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kompyuta za mtumba zinapowanasa watu. Viwanda vikubwa vinavyotengeneza kompyuta za maofisini mara nyingi havifuati mpango huo wa wote. Hujitengenezea vipimo vyao. Dalili ni hizi:

Kwanza, tazama nyuma ya kasha, pale penye matundu ya kuchomeka kibodi, kipanya na kioo. Katika kasha la kawaida kuna nafasi ya mstatili ya milimita 159 kwa 44 hivi, na kibati chake chenye matundu huchomoka na kubadilishwa. Ukikuta matundu yamekatwa katika bati la kasha lenyewe, kasha hilo limeshonwa kwa ubao mmoja tu.

Pili, tazama plagi kubwa ya umeme inayoingia kwenye ubao. Ya kawaida ina pini 24, na zile za zamani zilikuwa na pini 20. Ukikuta pini 6 au 8 peke yake, ujue mwenye kiwanda alifuata njia yake.

Tatu, tazama nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia. Zikiwa zote zimefungwa katika plagi moja ya umbo la pekee, hiyo nayo ni dalili.

Ukikuta dalili hizi, usikate tamaa, lakini usinunue ubao mama mpya kwa kasha hilo. Utaweza kubadilisha ramu na diski, na pengine kadi. Ubao utabaki ule ule.

D. MPANGAJI WA PILI: KISANDUKU CHA UMEME

Kisanduku cha kawaida cha ATX kina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86. Urefu wake ndio unaobadilika: wengi wana milimita 140, lakini vyenye nguvu zaidi hufika 160, 180 na kupita. Kwa hiyo pima kutoka bati la nyuma hadi kizuizi cha kwanza ndani, kisha acha nafasi ya nyaya. Nyaya nazo zina unene, hazipiti ndani ya bati.

Makasha membamba hutumia visanduku vingine. Kuna SFX, ambayo ni milimita 125 kwa 63.5 kwa 100. Kuna TFX, ambayo ni ndefu na nyembamba: milimita 85 kwa 65 kwa 175. Ukienda dukani ukasema tu "nataka pawa saplai", utapewa ile ya ATX, nayo haitaingia katika kasha jembamba. Taja jina na vipimo.

Upande wa plagi, tazama mbili. Plagi kubwa ya pini 24 tumekwisha kuitaja. Ya pili ni plagi ya prosesa, yenye pini 4 au 8, ambayo hukaa karibu na prosesa. Ubao ukitaka 8 na kisanduku kina 4 tu, muulize fundi mzoefu kabla ya kununua.

Jambo jingine lisisahaulike. Visanduku vingine, hasa vya zamani, vina swichi ndogo nyekundu nyuma, imeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 hivi, na mashine iliyotoka huko yaweza kuwa imewekwa 115. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa volti 230 hadi 240. Ukiichomeka bila kugeuza swichi, kisanduku kitalipuka na kufa papo hapo, na huenda kikaua na vingine. Kuitazama swichi hiyo ni kazi ya nusu dakika.

E. MPANGAJI WA TATU: PROSESA NA KIPOZA

Prosesa hukaa katika soketi ya ubao mama. Soketi ina jina, na prosesa ina jina la soketi inayoitaka. Majina lazima yafanane. Katika prosesa za Intel utasikia LGA1155, LGA1150, LGA1151, LGA1200 na LGA1700. Katika zile za AMD utasikia AM4 na AM5. Usidanganyike na ukaribu wa namba: 1150 na 1151 hazipokeani.

Hata majina yakifanana, bado kuna mtego. Soketi ya LGA1151 ilitumika na vizazi vya prosesa ambavyo havipatani. Prosesa za kizazi cha 8 hazifanyi kazi rasmi katika mbao zilizotengenezwa kwa ajili ya kizazi cha 6 na cha 7, ijapokuwa soketi inaitwa jina lile lile. Kwa hiyo, tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa, ambayo mtengenezaji wa ubao huitoa. Mwenye duka asikuambie "itakubali tu" bila kukuonyesha orodha.

Kipoza ni lile bati lenye mapezi na feni linalokaa juu ya prosesa ili isiungue. Kina mambo mawili ya kupimwa. La kwanza ni kimo. Weka rula juu ya prosesa, isimame wima hadi usawa wa pale mlango wa kasha unapofungia. Kimo kilichoandikwa cha kipoza hakina budi kuwa kidogo kuliko hapo. Vipoza vikubwa vya mnara vina milimita 150 hadi 165, na makasha mengi ya mtumba hayana nafasi hiyo. La pili ni skrubu zake. Katika soketi za familia ya 1150 na 1151, tundu hadi tundu ni milimita 75. Katika LGA1700 ni milimita 78. Tofauti ni milimita 3 tu, lakini inatosha kukufanya urudi dukani.

F. MPANGAJI WA NNE: RAMU

Huyu ni rahisi kumpima na rahisi kukosea. Vibao vya ramu vya kompyuta ya mezani vina urefu mmoja, milimita 133 hivi, iwe DDR3, DDR4 au DDR5. Lakini pengo lililo chini ya kibao limehamishwa katika kila aina, makusudi, ili mtu asichomeke isiyo yake. DDR3 ina pini 240. DDR4 na DDR5 zina pini 288, ila pengo lao haliko mahali pamoja. Kibao kikikataa kuingia, usikigonge. Kinakwambia ukweli.

Ramu ya kompyuta ya mapajani ni fupi, milimita 68 hivi, nayo haiingii katika ubao wa kawaida wa mezani. Walakini, kompyuta ndogo sana za mezani, zile zenye ukubwa wa kitabu, mara nyingi hutumia hiyo fupi. Njia iliyo salama ni kuchomoa kibao cha zamani, kusoma maandishi yake na kwenda nacho dukani kikiwa kimefungwa katika mfuko wake wa kuzuia umeme.

G. MPANGAJI WA TANO: DISKI

Diski za kompyuta ya mezani ziko za namna tatu.

Diski kubwa ya inchi 3.5 ina upana wa milimita 102, urefu wa milimita 147 na unene wa milimita 26 hivi.

Diski ndogo ya inchi 2.5, ambayo ndiyo umbo la SSD nyingi, ina upana wa milimita 70, urefu wa milimita 100 na unene wa milimita 7 mara nyingi. Ndogo huingia mahali pa kubwa kwa kutumia fremu ya kuishikilia, ambayo bei yake ni ndogo. Inunue siku ile ile.

Ya tatu ni M.2, kijiti chembamba kinacholala juu ya ubao mama. Iliyo ya kawaida ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Vijiti hivi vinafanana kwa umbo lakini haviongei lugha moja: vingine ni vya SATA, vingine ni vya NVMe. Baadhi ya mbao hupokea namna moja tu. Soma kitabu cha ubao.

Kwa tawi lenye mashine ya zamani, kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka SSD ya inchi 2.5 ndiyo dawa inayoleta nafuu kubwa kwa fedha kidogo. Sharti ni ubao uwe na plagi ya SATA, ambayo ni nyembamba. Ukikuta ule utepe mpana wa waya wenye pini 40, hiyo ni IDE, mashine ya zamani sana, na heri fedha zisitumike hapo.

H. MPANGAJI WA SITA: KADI

Hapa tutapita upesi, kwa kuwa ofisi nyingi za matawi hazihitaji kadi ya picha. Wenzetu wa viwanda vya uchapaji ndio wanaoihitaji. Pima mambo matatu. Kimo: bati la kadi ya kawaida lina milimita 120, na la kadi fupi ya makasha membamba lina 79 hivi. Unene: kila nafasi moja ya kadi ni milimita 20, na kadi nyingi hula nafasi mbili au zaidi. Urefu: pima kutoka bati la nyuma hadi kizuizi cha mbele, iwe feni au fremu ya diski. Feni ya mbele ina unene wa milimita 25, usiisahau.

Kuhusu umeme, nafasi ya kadi hutoa wati 75 kwa juu kabisa. Kadi inayotaka zaidi inahitaji plagi yake: ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza 150. Kisanduku chako kikikosa plagi hizo, kadi hiyo si yako.

I. MFANO

Tuchukue matawi mawili, A na B. Kila moja lina kompyuta ya mtumba na kila moja limekubaliana mkutanoni kununua ubao mama wa Micro-ATX, ramu ya DDR4, SSD na kipoza cha kimo cha milimita 155.

Tawi A linafungua kasha lake. Ni jembamba, la kulala. Matundu ya nyuma yamekatwa katika bati lenyewe. Plagi kubwa ya ubao ina pini 6. Ramu iliyomo imeandikwa DDR3. Uamuzi: ubao usinunuliwe, kipoza kisinunuliwe, na DDR4 isinunuliwe. Linunue SSD ya inchi 2.5 pamoja na fremu yake, na kama kuna nafasi, kibao kimoja cha DDR3. Fedha zinazobaki zirudi kwa mtunza hazina. Ikiwa prosesa yake haikubaliwi na Windows 11, tawi lifikirie programu ya bure kama Linux, au liweke akiba ya mashine nyingine.

Tawi B linafungua lake. Ni mnara. Kibati cha nyuma kinachomoka. Plagi ina pini 24. Nafasi ya ubao ni milimita 250 kwa 310. Ubao wa 244 kwa 244 utaingia. Kutoka juu ya prosesa hadi mlangoni ni milimita 148. Kipoza cha 155 kimepita kwa 7, mlango hautafunga. Uamuzi: ubao, prosesa inayoufaa, ramu na SSD vinunuliwe, lakini kipoza kiwe cha kimo kisichozidi milimita 140.

Angalieni, ndugu zangu: matawi yote mawili yalikuwa na orodha moja, na kila moja lingepoteza fedha kwa njia yake. Kilichowaokoa ni rula, kalamu na saa moja ya kazi.

J. KARATASI YA VIPIMO

Nakilini karatasi hii katika daftari la tawi au la karakana:

1. Kasha: mnara au la kulala? .........
2. Kibati cha nyuma kinachomoka? Ndiyo / Hapana
3. Nafasi ya ubao (mm): ....... kwa .......
4. Pini za plagi kubwa: ....... Pini za plagi ya prosesa: .......
5. Kisanduku cha umeme (mm): upana ....... kimo ....... urefu ....... Wati: .......
6. Jina la soketi: .........
7. Juu ya prosesa hadi mlangoni (mm): .......
8. Aina ya ramu na nafasi zake: .........
9. Nafasi za diski: 3.5 ....... 2.5 ....... M.2 .......
10. Bati la nyuma hadi kizuizi cha mbele (mm): .......
11. Aliyepima: ......... Aliyehakikisha: ......... Tarehe: .........

Namba 11 ndiyo ya maana kuliko zote. Apime mmoja, ahakikishe mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ada ya wanachama ni mali ya watu wengi.

Mkienda dukani, chukueni nakala ya karatasi. Mwenye duka aandike katika risiti jina kamili la kipuri na siku ngapi anakubali kukirudisha kisipoingia. Akikataa kuandika, nendeni duka la pili.

K. KARATASI HII NI KINGA YA FUNDI

Kwa wenzetu mafundi, karatasi hii ina kazi nyingine. Fundi aliyeajiriwa aijaze, aipeleke kwa msimamizi, atiwe sahihi, abaki na nakala. Bosi akinunua kinyume cha vipimo, kosa limeonekana ni la nani.

Na ifahamike kwamba mshahara haukatwi ovyo. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema katika kifungu cha 8 kwamba makato ya mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au mkataba wa pamoja wa kazi, au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya bosi haimo katika orodha hiyo. Fundi akikatwa kwa sababu ya kipuri kisichoingia, asigombane peke yake karakanani. Aje kwa mwakilishi wake wa tawi, na karatasi mkononi. Mwakilishi mwenye karatasi yenye tarehe na sahihi huingia ofisini kwa meneja akiwa na jambo la kusema. Asiye nayo huingia na maneno matupu.

Hali kadhalika, matawi yenye mkataba wa pamoja yaombe kiongezwe kifungu kifupi: kwamba vipuri vitanunuliwa kwa kufuata vipimo vilivyoandikwa na fundi, na kwamba fundi aliyetoa vipimo sahihi hatadaiwa.

L. MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini ubao wa Micro-ATX huingia katika kasha la ATX, lakini ubao wa ATX hauingii katika kasha la Micro-ATX?
2. Taja dalili tatu za kasha lililotengenezwa kwa ubao mmoja tu.
3. Kutoka juu ya prosesa hadi mlangoni ni milimita 130. Kipoza kina kimo cha milimita 125. Je, kitaenea? Ni swali gani jingine utauliza kabla ya kukinunua?
4. Kijiti cha M.2 kimeingia vizuri lakini kompyuta haikioni. Sababu yaweza kuwa nini?
5. Katika tawi lenu, nani hununua vifaa, nani hupima, na nani hutia sahihi? Ikiwa wote ni mtu mmoja, mtafanya nini?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, wanachama wawili wafungue kompyuta ya tawi, wajaze karatasi ya vipimo, na waisome mbele ya mkutano. Ibandikwe ndani ya mlango wa kasha kwa gundi ya karatasi, mbali na feni, ili atakayekuja kesho asianze upya.

Umoja ni nguvu.